Roki ya Italia Haikufa na Miaka ya Sabini

Roki ya progresivu ya Italia huhesabiwa na wengi kuwa muziki uliokwisha kabla ya mwaka 1980. Hata wanaojiita wapenzi wake husema hivyo, na siku hizi kauli hiyo imeongezewa ukali: eti baada ya Premiata Forneria Marconi (PFM), Banco del Mutuo Soccorso na Le Orme, waliobaki ni waigaji tu. Huo ni uvivu wa masikio. Anayetamka hivyo mara nyingi hajasikiliza hata albamu moja iliyotoka baada ya mwaka 2000, na bado anajikalisha kwenye kiti cha hakimu.

Utukufu wa mwanzo haubishaniwi. Mwaka 1972 PFM ilitoa Storia di un minuto na Per un amico, na Banco ikatoa Darwin!; mwaka uliofuata zikaja Felona e Sorona ya Le Orme na Zarathustra ya Museo Rosenbach. Ila wanaozisifu albamu hizo wamezigeuza ukuta, na nyuma ya ukuta huo kazi ya kizazi kizima haisikiki.

Mji wa Genova peke yake unatosha kuwanyamazisha. Stefano "Lupo" Galifi, aliyeimba Zarathustra, alisikika tena mwaka 2010 katika albamu ya kwanza ya Il Tempio delle Clessidre, bendi ya mpiga kinanda Elisa Montaldo. Je, mwimbaji yuleyule, akiimba nyimbo mpya pamoja na wanamuziki wa kizazi kingine, anamwiga nani? Katika mji huohuo, La Maschera di Cera, bendi ya mpiga besi Fabio Zuffanti, ilitoa Le porte del domani mwaka 2013. Albamu hiyo inakichukua kisa cha Felona e Sorona pale Le Orme ilipokiacha miaka 40 kabla, na kukipeleka mbele. Kuendeleza si kuiga. Mwaka huohuo La Coscienza di Zeno, bendi nyingine ya Genova, ilitoa Sensitività, albamu yenye maneno mazito na kinanda kinachotangulia gitaa karibu kila mahali.

Hoja inayopendwa na wapinzani ni kwamba bendi hizi bado zinatumia vinanda vya Mellotron na Hammond. Kwa mantiki hiyo, kila aliyeshika fidla baada ya Vivaldi ni mwizi, na Italia ingepaswa kufunga shule zake zote za muziki.

Nje ya Genova hali ni ileile. Deus Ex Machina ya Bologna iliimba kwa Kilatini katika miaka ya 1990, jambo ambalo wakongwe wa PFM na Banco hawakulijaribu kwa albamu nzima. Il Bacio della Medusa ya Perugia ilitoa Discesa agl'inferi d'un giovane amante mwaka 2008, na La Fabbrica dell'Assoluto ya Roma ikajenga albamu ya mwaka 2015 juu ya riwaya ya Orwell, 1984. Nyingi za kazi hizi zimeimbwa kwa Kiitalia bila kuomba radhi, ilhali PFM yenyewe, kwa kutafuta soko la nje, ilivaa maneno ya Kiingereza ya Pete Sinfield katika Photos of Ghosts. Nani basi aliyeiga?

Lawama nyingine inastahili programu za simu zinazochanganya nyimbo ovyo. Albamu nyingi za namna hii husimulia kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kusikiliza kipande cha tatu kabla ya cha kwanza ni kuzivunja, kisha zinalaumiwa kuwa hazieleweki.

Hata wakongwe wenyewe hawakuishia miaka ya sabini: Museo Rosenbach nayo ilirudi studio. Mwaka 2013, Galifi akiwa ndiye mwimbaji, ilitoa Barbarica, albamu ya nyimbo mpya, miaka 40 baada ya Zarathustra.