Kabla hujaagiza mche wa cheri ya maua, soma hapa

Siku hizi naoneshwa picha moja kwenye simu: mti uliojaa maua ya waridi, hauna hata jani, na watu wamekaa chini yake. Swali ni lilelile: "Bwana shamba, huu mti nitaupata wapi niupande mbele ya nyumba?" Wengine wanautaka kwa uwanja wa shule au bustani ya mji, hapa Mbulu na kule Katesh.

Huo ni mti wa cheri ya maua, ambao Wajapani huuita sakura. Maoni yangu ni kwamba usipoteze fedha yako. Mti ule unahitaji majira ya baridi kali, wiki nyingi mfululizo, ndipo machipukizi yake yaamke kwa pamoja na kuchanua. Baridi yetu ya Juni na Julai inatutoa makoti kabatini, lakini kwa sakura haitoshi. Mti unaweza kuishi, ukakupa majani na maua machache ya hapa na pale.

Kuna na hatari ya pili. Mwaka 1910 Japani iliipelekea Washington miche 2,000 ya cheri. Ilipokaguliwa ilikutwa na wadudu na magonjwa, ikachomwa moto yote. Mwaka 1912 ndipo ikaja miche mingine 3,020 iliyo safi. Kama zawadi ya nchi kwa nchi ilichomwa, mche uliofichwa kwenye begi la msafiri una usalama gani? Mimea kutoka nje lazima ipite kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Ukileta ugonjwa, atakayeumia ni jirani yako mwenye mapera na mapichisi.

Sasa nikwambie jambo ambalo wengi hawalijui: Afrika ina mti wake wa ukoo huohuo wa cheri. Kitaalamu unaitwa Prunus africana. Ni mti wa misitu ya milimani, Kilimanjaro ukiwemo, na nyanda zetu zilizo juu ya mita 1,500 zinaufaa. Majani yake ni ya kijani kinachong'aa mwaka mzima, maua ni madogo meupe, na matunda madogo ya zambarau iliyoiva hupendwa na ndege. Gome lake hutengenezewa dawa ya tezi dume huko Ulaya. Kwa ajili hiyo miti mingi imechunwa ikakauka, na tangu 1995 biashara yake inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Huu ndio ninaotaka tuupande shuleni, kwenye zahanati, makanisani na kwenye viwanja vya wazi. Baada ya tope la Mlima Hanang la tarehe 3 Desemba 2023, kila mtu anataka kupanda miti. Sisemi mti ungeuzuia mlima usiporomoke. Nasema tukiwa na moyo huo, tusiumalizie kwenye mistari ya miashoki mbele ya ofisi. Tupande mti ambao mjukuu atakaa kivulini mwake, na ambao msituni unazidi kupungua.

Ukiamua, zingatia haya:

1. Mbegu haikai. Okota matunda yaliyoiva, ondoa nyama, kausha kivulini, kisha sia mapema. Ukiiweka miezi kabatini, nyingi hazitaota.
2. Hamishia shambani mwanzo wa mvua. Chimba shimo la sentimeta 60 kwa 60, changanya udongo na samadi iliyooza, weka matandazo.
3. Zungushia miiba. Nimeona miche ya sherehe ikiliwa na mbuzi kabla hata wageni hawajafika kwao.
4. Usikate matawi yake ukalisha mifugo. Harufu ile ya lozi chungu ukisugua jani ni dalili ya sumu.
5. Usichune gome la mti wa msituni. Ukilizungushia kisu, mti umeuua.

Kama kiwanja chako ni kidogo, usiupande. Huu ni mti wa mita 20, 30 na zaidi. Mizizi na matawi yatagombana na ukuta wako. Kwako wewe nashauri Dombeya rotundifolia: mti mfupi wa Kiafrika, unaostahimili ukame, unaojaa maua meupe mwishoni mwa kiangazi kabla majani hayajatoka. Nyuki wanaupenda. Ukiupiga picha, utafikiri ni ile ya kwenye simu.

Kwa mbegu na miche, anza kwa kuulizia ofisi ya TFS ya wilaya yako. Mvua zikikaribia, shimo liwe tayari.