Ujirani Nao ni Mtaji

Wako wenye mahoteli katika visiwa vyetu wanaohesabu ajira ya mwenyeji, mafunzo yake na njia ya mvuvi kwenda pwani kuwa ni sadaka, ya kutolewa pindi faida ikizidi. Sisi hatukubaliani nao.

Na watazame Chumbe. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa magharibi ya kisiwa hicho kuwa hifadhi, uvuvi ukapigwa marufuku, na uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi. Kampuni haikuleta bunduki. Iliwachukua wavuvi wa vijiji jirani ikawafunza ulinzi. Nao ndio waliowaeleza wavuvi wenzao kwa nini samaki waachwe wazaliane pale. Wanafunzi wa skuli zetu hupelekwa huko kusoma. Vibanda vya wageni ni 7 tu, na mwaka 2000 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa liliitunuku kazi hiyo.

Mgeni hulipia matumbawe yaliyo hai, na matumbawe yako hai kwa sababu mvuvi ameridhia. Mshindani aweza kuiga paa la makuti na kitanda. Ridhaa ya vijiji hainunuliwi kwa siku moja.

Tangu mwaka 2021 Serikali imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji. Wingi wa vyumba, kwa maoni yetu, ni kipimo kibovu. Tunawaomba wahusika waandike ndani ya mikataba idadi ya wenyeji watakaofunzwa, kazi watakazopewa na mahali pa kuegesha ngalawa, na wavuvi waulizwe kabla ya saini kutiwa.