KUSAFISHWA USO SALUNI: ULIZA KWANZA KILICHOMO KIKOPONI

Akina mama wa makambini na wa nyumba za polisi huniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, kuna faida yo yote mtu kulipa fedha ili mtu mwingine amwoshe uso? Wengine huuliza kwa haya, wakichelea kusikiwa na majirani. Wengine huuliza kwa dhihaka, kwa kuwa saluni wanaiona ni jambo la mabibi wa mjini wasiokuwa na kazi. Nami sitamcheka mtu wala kumsifu kabla sijaeleza niliyoyaona mwenyewe, maana nimekwisha kulala juu ya kile kiti mara mbili, na mara ya kwanza ilituletea nyumbani hasara ambayo haikwisha upesi.

Kaka yangu ni askari. Mwaka 2022 alikwenda Somalia pamoja na kikosi chake, kama walivyokwenda maelfu ya wanajeshi wa Burundi tangu Desemba 2007, na mwaka 2023 tukapata habari kwamba zamu yake inakwisha. Habari hiyo ilipomfikia wifi yangu, jambo la kwanza alilolifanya ni kutafuta kioo. Ajuaye maisha ya Bugarama hatamshangaa. Kwetu milima hushuka mpaka ukingoni mwa ziwa Tanganyika, na michikichi hushuka nayo. Mwanamke achemshaye chikichi husimama mbele ya pipa tangu asubuhi, moshi ukimwingia machoni; na alasiri, akiwa ametandaza ndagala zikauke, jua la juu humchoma na mng'ao wa maji humchoma mara ya pili kutoka chini. Uso wa wifi ulikuwa umeparara, na pembeni mwa pua zilikuwako chunusi nyeusi. Akaniambia, "Wifi, nipeleke mjini nikasafishwe. Sitaki anikute hivi."

Basi nikaomba ruhusa ofisini. Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, tukapanda basi katika barabara ile ya lami itokayo Rumonge na kuambaa ziwa mpaka Bujumbura. Saluni tuliyoiendea sitaitaja. Niseme tu kwamba ilikuwa safi, ina vioo vikubwa, na fedha tuliyolipa kila mmoja ingetosha kumnunulia mtoto viatu vya shule.

Kazi yenyewe niliipenda, wala sioni haya kukiri. Msichana aliyetuhudumia alinawa mikono kwa sabuni mbele yetu, akafunga nywele zetu kwa kitambaa, akatuuliza kama kuna kitu cho chote kinachotuwasha tukikipaka. Kisha akaniosha uso kwa maziwa ya kusafishia, mara mbili, maana alisema mara ya kwanza hutoa vumbi na jasho, na ya pili ndiyo hutoa mafuta. Nilipouona ule utambi wa pamba nilifadhaika. Nami nilikuwa nimekoga asubuhi ile ile! Halafu akanisugua taratibu kwa dawa yenye chembechembe ndogo, akaniweka mbele ya chombo cha mvuke kwa muda wa kama dakika kumi.

Hapa yafaa nieleze jambo moja ambalo hata watu wa saluni hulieleza vibaya. Husemwa kwamba mvuke hufungua vitundu vya ngozi, kisha maji baridi huvifunga. Sivyo. Vitundu hivyo havina misuli, wala havifunguki na kufungwa kama mlango. Mvuke hulainisha mafuta yaliyoganda ndani yake, yakawa mepesi kutolewa. Na ile chunusi nyeusi si uchafu, wala haimaanishi kwamba mwenye nayo haogi. Ni mafuta ya mwili yaliyochanganyika na rangi ya ngozi, yakageuka kuwa meusi yalipokutana na hewa. Kwa hiyo kuisugua kwa hasira kwa jiwe la mguu, kama nilivyomwona mama mmoja akimfanyia binti yake, ni kumwonea mtoto bure.

Baada ya mvuke zikaja kamuo. Msichana alifunga vidole vyake kwa karatasi laini, akakamua zile zilizokuwa tayari tu, nyingine akaziacha. Nilipomhimiza azimalize zote alikataa. Nikamwona mvivu, baadaye nilielewa kwamba ndiye aliyekuwa mwalimu na mimi mwanafunzi. Ngozi nyeusi ikiumizwa hulipiza kisasi kwa kutia doa jeusi, na doa hilo huweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahauliwa. Mwisho akatukanda uso na shingo, akatupaka udongo mweupe, akatufunika macho, akatuacha. Wifi alisinzia. Mwaka mzima alikuwa halali vizuri, akisikiliza redio usiku kwa habari za Mogadishu. Na hapo, katikati ya makelele ya mashine za nywele, alilala usingizi mzito hata akakoroma. Kama tungaliondoka wakati ule, makala haya yangekuwa mafupi na ya furaha.

Lakini tulipokuwa tukilipa, mwenye saluni alitoka chumba cha nyuma na kikopo kidogo cheupe. Hakikuwa na karatasi ya maandishi. Akasema, "Mama, kazi ya leo itapotea msipoitunza. Hii tunachanganya wenyewe. Paka asubuhi na jioni, baada ya siku kumi na nne mumeo hatakujua." Wifi alinitazama. Mimi ndiye mwenye cheti cha ualimu, mimi ndiye nisomaye barua za nyumba nzima. Nami sikuuliza neno. Kwa kweli nilikuwa nikihesabu kama fedha iliyobaki ingetosha vikopo viwili. Haikutosha. Hilo tu ndilo lililoniokoa, wala si busara.

Ahadi ya kikopo ilitimia. Siku ya kumi uso wa wifi ulikuwa laini kama wa mtoto, siku ya ishirini ulikuwa mweupe kuliko shingo yake, na sokoni wanawake wakamzunguka kumwuliza siri. Kaka yangu aliporudi alimsalimu, akamtazama, akaenda kuwashika watoto. Usiku, baada ya chakula, alisema maneno ambayo wifi alinisimulia baadaye akilia: "Kule nilikuwa na picha yako mfukoni. Nilikuwa nimeizoea."

Kikopo kikaisha, na fedha ya kingine haikuwapo. Wifi akaacha. Hazikupita siku tano uso ukafura, ukawa mwekundu, ukatoka vipele vya usaha mashavuni na kidevuni. Hakuweza kusimama karibu na jiko. Joto la sufuria lilimwuma kama upupu, na jua la ukingoni likawa adui. Aliona aibu kwenda kanisani. Nami niliona aibu kwenda kwake.

Daktari tuliyemwendea hakukipima kile kikopo, kwa kuwa kilikuwa kimekwisha kufutwa mpaka chini. Alisoma uso. Alisema dalili zile huzijua: ni za krimu yenye steroidi kali, ya namna ya klobetasoli, ambayo ni dawa ya hospitali kwa maradhi fulani ya ngozi, hutumika kidogo, kwa siku zilizohesabiwa, na kwa kawaida si usoni. Mtu akiipaka kila siku ngozi hukondeka na rangi hufifia. Akiiacha ghafula, ngozi iliyozoea kutulizwa huwaka. Kwa sababu hiyo aliyekwisha kuitumia kwa muda mrefu asiitupe tu na kukaa kimya. Aende hospitali aachishwe kwa utaratibu. Wifi alitibiwa miezi mitano. Makovu mawili angali nayo.

Steroidi si hatari ya pekee ndani ya vikopo hivi. Iko haidrokwinoni, ambayo mtu akiitumia miaka mingi juani huweza kumgeuzia uso kuwa na weusi wa samawati usiotoka, mbaya kuliko ule aliokuwa akiukimbia. Madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza maradhi hayo mwaka 1975, wakiyaona kwa wanawake waliojipaka krimu za kujichubua, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku dawa hiyo katika vipodozi. Na iko zebaki. Hiyo ndiyo inayoniogopesha zaidi kwa ajili ya nyumba za askari, ambamo chumba kimoja huwa cha watu wengi. Zebaki huharibu figo, hutetemesha mikono, huondoa usingizi. Tena haikai kwa aliyejipaka tu. Huhamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono, ikamfikia mtoto anyonyaye ambaye hakuomba weupe wa mtu ye yote.

Mapatano ya dunia juu ya zebaki yalitiwa sahihi Japani mwaka 2013, yakapewa jina la Minamata, mji wa pwani ambao watu wake walisumishwa kwa kula samaki wa ghuba iliyomwagiwa zebaki na kiwanda. Sisi tunaoishi kwa mukeke na ndagala tunaweza kufahamu msiba huo bila kuelezwa sana. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi za mapatano ziliafikiana kwamba vipodozi vyenye zebaki visitengenezwe wala kuuzwa kati ya nchi na nchi baada ya mwaka 2025. Jirani zetu wa Rwanda walianza mapema: mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 polisi wao walipita madukani wakiviondoa vipodozi vya kujichubua. Ndugu zetu polisi wasomao ukurasa huu wanajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu, kwa sababu kikopo hupita mpakani ndani ya mkoba wa mama mwenye heshima zake, na anayekinunua hamwoni muuzaji kuwa mhalifu. Humwona kuwa rafiki.

Wala nisidhaniwe kwamba napinga mwanamke kuutunza uso wake. Mabibi wa Unguja na Pemba tangu zamani humsugua bibi arusi kwa singo, yaani manukato na maua yaliyopondwa, wakampaka liwa usoni, na hakuna aliyewaambia kwamba hiyo ni anasa. Singo husafisha na kunukiza, na bibi arusi hutoka na rangi yake ile ile aliyoingia nayo.

Asiyekuwa na fedha ya saluni anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi ile nyumbani. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa safi ambacho ni chake peke yake, na mafuta kidogo ya kulainisha ngozi ingali na unyevu. Akitaka mvuke, ainamie beseni la maji ya moto akiwa ameliweka mbali na watoto, dakika tano zinatosha. Asijipake ndimu, maana maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi. Mawese nayo ayaache jikoni. Wekundu wake una asili ya vitamini A, nao hufanya kazi njema zaidi tumboni kuliko shavuni. Na kofia pana ya majani wakati wa kuanika ndagala ina thamani kuliko krimu nyingi ninazozijua.

Mwaka 2024 wifi aliniambia anataka kurudi mjini. Nilinyamaza kwanza. Akasema hatafuti weupe. Anautaka ule usingizi. Ulikuwa mwaka wa shida ya petroli, tukangoja basi tangu alfajiri hata jua likachomoza, na pande za chini ziwa lilikuwa limepanda na kuingia viwanjani mwa watu. Tulikwenda saluni nyingine, ndogo, yenye viti viwili tu. Kabla ya kukaa, wifi aliomba aonyeshwe kila kitu kitakachogusa uso wake. Nilikuwa nimemwandikia katika karatasi mianzo ya maneno ya kigeni ya kuangalia, herufi moja moja: m-e-r-c, na h-y-d-r-o-q, na c-l-o-b. Msichana wa saluni hakukasirika. Alivipanga vikopo mezani, wifi akapitisha kidole juu ya kila karatasi, polepole, midomo ikitembea kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Kimoja hakikuwa na maandishi. Msichana alikitazama, akakirudisha kabatini bila kusema neno.

Wifi akavua viatu, akalala kitini. Hata udongo haujakauka usoni alikuwa amekwisha kukoroma, nami nikatoka nje kuuliza basi la jioni.