LUMBESA INATUNYONYA

Ndugu wanaushirika,

Msimu huu tena tumeona magunia yakivalishwa kilemba shambani. Jamani, gunia ni madebe sita! Lumbesa inameza la saba, na bei ni ile ile ya gunia moja. Ukiuza lumbesa sita, umetoa gunia zima bure. Huo ni unga wa watoto, ni daftari, ni sabuni. Ikifika Februari, mkulima huyo huyo anakwenda kukopa debe kwa mlanguzi.

Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Mizani ya ushirika ipo ghalani. Tupime wote, tuuze pamoja. Anayeuza usiku kwa kificho anamshushia bei na jirani yake.

Mkulima asiyepima ni kibarua wa mlanguzi.

Katibu wa Chama, Tawi