Krimu au nyeupe ya maziwa? Usichagulie dukani

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mwenye duka, mahindi yakishauzwa hapa Makanyagio, nyumba nazo hudai haki yao. Lipu imekauka, fedha ipo, na dukani umewekewa makopo mawili: krimu na nyeupe ya maziwa. Ukiyatazama kwenye kadi, yanafanana kama mapacha. Wengi huchagua hapohapo. Mimi nasema hilo ni kosa, na ni kosa la gharama.

Piga hesabu. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina ukuta wa mita za mraba 42 kabla ya kutoa mlango na dirisha. Lita 1 ya rangi ya maji hufunika kama mita za mraba 10 kwenye ukuta laini. Kwa mikono miwili, unahitaji takriban lita 8, na ukuta wa kukwaruza utakula zaidi. Ukijuta, unanunua tena na fundi unamlipa tena. Hayo ni mahindi yako.

Kwa hiyo nunua kopo dogo la kila rangi. Paka vipande viwili, kila kimoja upana wa mita 1, kimoja karibu na dirisha na kingine kwenye kona yenye giza. Subiri vikauke kabisa, kwani rangi ya maji ikikauka hukolea kidogo. Kisha vitazame asubuhi, saa saba mchana, na usiku taa ikiwaka. Taa nyeupe ya sola hufanya krimu ififie. Kama uwanja wako ni wa udongo mwekundu, mwanga wa jua utaingia ndani na wekundu wake, na nyeupe haitabaki nyeupe uliyoiona dukani.

Ukiniuliza maoni yangu, sebule na chumba cha watoto nitaweka krimu. Kiangazi chetu ni cha vumbi, na vidole vya watoto havina likizo, krimu huvumilia. Stoo ya mahindi nitaweka nyeupe. Huko unataka kuona: dumuzi anayetambaa ukutani, njia ya panya, doa la unyevu. Ukiviona mapema, unaokoa magunia.

Mambo mawili usiyasahau. Lipu mpya iache wiki 4 ikauke, la sivyo rangi itabanduka, iwe krimu au nyeupe. Pia nunua rangi yote kwa mara moja, makopo yenye namba moja ya toleo, maana krimu ya leo na ya mwezi ujao zinaweza kupishana.

Mbegu unaijaribu kuota kabla ya kupanda ekari nzima. Rangi nayo ijaribu ukutani kwako kwanza.