Kalamu ya Binti na Mashua za Sindo



Wasomaji wetu watukufu, barua iliyo mbele yetu juma hili haikutoka Mvita wala Lamu. Imetoka Sindo, mji wa wavuvi ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, ambako dada yetu mmoja mzaliwa wa pwani amehamia pamoja na mumewe anayefanya biashara ya omena. Jina lake hatulitaji. Ana binti wa miaka 16, mwanafunzi wa sekondari, ambaye mkono wake hautulii. Akimaliza kazi za shule na za jikoni huketi mlangoni na daftari, akachora yaliyo mbele yake: vilima vya Gwassi, gugu maji lililokwama ufuoni, nyavu za omena zilizoanikwa, tanga linalorejea. Mwenye mashua mmoja akaliona daftari, akamwagizia amchoree jina la chombo chake na nakshi za ubavuni. Kazi ikapendeza. Wakaja wengine. Mmoja akataka samaki aina ya mbuta kwenye omo. Kisha mwenye baa akataka ubao wenye picha ya mwanamke na chupa. Hapo mama akashtuka. Baba amenyamaza, shangazi asema daftari lichomwe moto, na mama atuuliza afanye nini.

Daftari lisichomwe. Hilo twalitanguliza, kwa sababu moto hauna subira ya kungoja maelezo.

Wanaosema lichomwe hawakutoa neno lao hewani. Zipo hadithi sahihi zenye onyo kali juu ya wanaotengeneza sura za viumbe vyenye roho, na madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, yameshika msimamo mzito: sura kamili ya kiumbe hai haifai kuchorwa, iwe na kivuli kama sanamu au iwe bapa ukutani. Imamu Nawawi amelieleza jambo hili kwa urefu katika sherehe yake ya Sahih Muslim. Wafuasi wengi wa Imamu Malik wameiona picha bapa kuwa makuruhu, si haramu, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliilegezea zaidi picha isiyotukuzwa wala kuvunja haya. Twazitaja kauli hizi ili msomaji ajue kwamba jirani yake mwenye rai nyingine hakutoka katika dini.

Lakini katika hadithi hizo hizo, mpo kisa ambacho shangazi hakukisoma, au alikisoma akakisahau. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awawie radhi yeye na babaye, akamweleza kwamba maisha yake yanategemea kazi ya mkono wake, naye huchora picha. Ibn Abbas alimsikilizisha onyo la Mtume (S.A.W.) hadi mtu yule akabadilika uso kwa hofu. Kisha akampa njia: kama huna budi ila kufanya kazi hii, basi chora miti na vitu visivyo na roho. Bukhari na Muslim wamekipokea. Tazameni vizuri hapo. Swahaba yule mwanachuoni hakumwambia fundi avunje kalamu zake aende akatafute kibarua kingine. Alimwelekeza achore nini. Na nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea, naye hakukatazwa, ilhali pazia lenye picha alilotundika lilichukiwa, likakatwa likawa mito ya kuegemea. Nyumba ile haikuwa ya kuchoma tu wala ya kuruhusu tu.

Sasa, yupo atakayesema: binti akiondolewa samaki, ndege na watu, atabakiwa na nini? Huyo hakuangalia nyumba yake mwenyewe. Kina mama wa pwani ni wachoraji tangu zamani, ila hawajaitwa kwa jina hilo. Fundi wa hina anayeketi na bibi harusi tangu alasiri hadi usiku, akishusha maua na majani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, huagizwa kazi kama mchoraji yeyote, hulipwa kwa ukubwa wa kazi, na aghalabu ana daftari la mitindo yake. Tazameni kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Pale Mombasa, jumba la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, limekuwa katika biashara hii tangu 1887, na nyuma ya kila doti liko jicho la mtu aliyeamua korosho ikae wapi na nukta ziwe ngapi. Mwenda Lamu hutazama milango. Na katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulisifika, hasa karne ya 18 na ya 19, kwa wanakili wa misahafu walioipamba kurasa kwa wino mweusi na mwekundu, mafundo na maua yakizunguka maandishi. Wote hao walifanya kazi ndani ya mpaka ule ule ambao leo twauonea dhiki. Hata mtepe, ile mashua ya kushonwa kwa kamba, uliwekewa macho kwenye omo, na jicho lenyewe lilikuwa duara tu ndani ya duara.

Na duara hilo, ajabu ya Mola, linamngojea binti huyu karibu na kwao. Ng'ambo ya Mbita, katika kisiwa cha Mfangano, yapo mapango ya Kwitone na Mawanga yenye michoro ya kale ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo hunasibishwa na Watwa, wawindaji waliokaa pande zile kabla ya Wasuba na Wajaluo. Hamna sura ya mtu pale wala ya mnyama. Kuna miduara ndani ya miduara, na mistari inayozunguka ikatoka kama miale. Wenyeji waliihusisha na mvua, na ibada zao si zetu. Lakini jicho laweza kujifunza mstari bila moyo kufuata itikadi. Baba akipata siku asiyokuwa na mzigo wa omena, ampeleke binti akaione, naye aende na daftari.

Kuhusu kuchora kila siku, tusilione kuwa ni mchezo wa kupoteza wakati. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na wino twaijua adabu hii. Waandishi wa khati huita mazoezi hayo mashq: mwanafunzi huandika herufi moja, akaifuta, akairudia, miaka kwa miaka, mpaka mwalimu wake ampe ijaza. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, aliipima alifu kwa nukta za kalamu yenyewe, na herufi nyingine akazipima kwa alifu. Mtu hapimi hivyo kwa bahati. Binti anayechora vilima vile vile vya Gwassi kila jioni ataona siku moja kwamba vilima havikuwa vile vile: mvua imepita, moshi wa mkaa umepanda, kivuli kimehama. Kutazama namna hiyo ni katika kuzingatia viumbe vya Mwenyezi Mungu, jambo ambalo Qur'ani imetuamrisha mara nyingi, nasi twalifanya kwa nadra. Usiku wa giza, wavuvi wa omena wanapowasha taa ziwani, mtu aliye ufuoni huona mji mzima wa mianga juu ya maji. Mwanga si kiumbe chenye roho. Auchore.

Tuje kwenye maagizo. Majina ya mashua na nakshi ni halali, na ujira wake ni halali, mwenye mashua awe Mwislamu au asiwe, madamu jina lenyewe halina shirki wala matusi. Samaki mzima mwenye macho na mapezi, kwa madhehebu yetu, amwache. Amweleze mwenye mashua kwa upole, kisha ampe badala yake: mawimbi, magamba yaliyopangwa kama vigae, wavu, nyota. Fundi mzuri humwonyesha mteja kitu ambacho mteja hakujua kwamba alikitaka. Michoro ya somo la baiolojia shuleni, moyo na mapafu na huyo samaki mwenyewe, twaiona kuwa ni haja ya elimu, na wanavyuoni wengi wa leo wameikubali. Asije akafeli mtihani kwa kudhani anachunga dini. Ama ubao wa baa, hapana. Hapo suala halimo katika picha. Ni kusaidiana katika uovu, na fedha yake haina la kujadiliwa.

Liko jambo ambalo mama hakuliuliza, nasi hatutalipita. Ufuo wa wavuvi si mahali pa binti kukaa peke yake tangu asubuhi hadi magharibi. Wenyeji wenyewe wana neno jaboya, nao hulilalamikia: mvuvi amwambiaye mwanamke mchuuzi kwamba samaki hawatapatikana kwa fedha tu. Wanawake wengi wa ziwani wameumizwa na desturi hiyo, wakaambukizwa maradhi, wakaachwa. Kwa hiyo mbao ziletwe nyumbani zikachorwe uani, na penye lazima ya kuchora juu ya chombo chenyewe, aende na baba au kaka, mchana, rangi ikishakauka warudi. Kumlinda ndiko huku. Kumchomea daftari hakumlindi na chochote.

Kisha kuna ujira. Kazi ya kuagizwa, katika fiqhi yetu, ni ijara: hapana budi kazi ijulikane na malipo yajulikane kabla ya brashi kuguswa. Maneno kama "tutaonana" au "tukipata samaki tutakukumbuka" si mapatano, ni gharari, na katika biashara za ziwani, ambako mapato hupanda na kushuka na mwezi, mwisho wake ni ugomvi. Rangi iletwe na mwenye mashua. Ikiwa binti ndiye atakayeinunua, bei yake itajwe mbali na bei ya mkono wake. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, nasi twawakumbusha hili pia mabibi harusi wanaowalimbikizia mafundi wa hina deni hadi fungate inakwisha.

Wasomaji wengine wenye watoto wachoraji wajue vilevile kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Kwa jina la mashua hilo si neno. Lakini akija mtu wa vitambaa au wa vitabu akaupenda mtindo wa binti, na nakshi ile ikatoka katika maelfu ya doti, litakuwa neno kubwa. Basi yaandikwe mapema: ni mchoro upi, utatumika wapi, mara ngapi, na nakshi yenyewe ibaki ya nani. Karatasi mbili zatosha, moja kwa kila upande. Na kwa kuwa binti hajafika miaka 18, atie sahihi baba yake, ambaye kwa sababu hiyo itambidi aache kunyamaza.

Wallahu aalam.