Tarakimu za Lebo ya Chakula cha Mbwa

Aghalabu mnunuzi wa chakula cha mbwa kilichotengenezwa kiwandani hutazama tarakimu moja tu katika lebo, yaani asilimia ya protini, akachukua mfuko wenye tarakimu kubwa kuliko mingine. Kwa maoni yangu desturi hiyo ina hatari, na dawa yake ni hesabu na kemia ambazo mwanafunzi wa sekondari anazo tayari.

Tuanze na maji. Tuseme kopo la chakula laini linaonyesha protini asilimia 8 na maji asilimia 78, na mfuko wa chakula kikavu unaonyesha protini asilimia 24 na maji asilimia 10. Mnunuzi atadhani mfuko umelishinda kopo mara tatu. Lakini maji yakiondolewa, kopo hubakiwa na sehemu 22 katika 100, na 8 katika 22 ni asilimia 36. Katika mfuko, 24 katika 90 ni asilimia 27 hivi. Kumbe kopo ndilo lenye protini nyingi. Maji hayo hayo hupotosha orodha ya viungo. Nchini Marekani viungo hupangwa kwa uzito, pamoja na maji yaliyomo. Hivyo nyama mbichi huweza kuyatangulia mahindi, ijapokuwa ikikaushwa uzito wake ni mdogo.

Je, protini yenyewe hupimwaje? Njia aliyoibuni Johan Kjeldahl mjini Copenhagen mwaka 1883 hupima naitrojeni, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25, kwa kuwa wastani wa asilimia 16 ya uzito wa protini ni naitrojeni. Njia hiyo haiulizi naitrojeni imetoka wapi. Melamini, kemikali itumikayo kutengenezea plastiki ngumu, ina naitrojeni asilimia 67 hivi. Gramu moja yake huhesabiwa kama gramu nne za protini.

Walaghai waliijua hesabu hiyo. Mwaka 2007 mbwa na paka wengi huko Amerika ya Kaskazini waliugua figo, na wengine wakafa, kwa kula chakula chenye unga wa protini ya ngano kutoka China uliotiwa melamini. Mwaka 2008 kemikali hiyo ilionekana katika maziwa ya watoto nchini China: watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita walifariki. Yaliyowapata mbwa yalikuwa onyo kwa binadamu.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza, maelezo kwamba chakula kinajitosheleza, na ni cha mbwa wa umri gani. Kiwango cha chama cha wasimamizi wa Marekani, AAFCO, ni protini isiyopungua asilimia 18 ya chakula bila maji kwa mbwa mzima, na 22.5 kwa mtoto wa mbwa anayekua. Pili, afanye hesabu ya maji kabla ya kulinganisha.

Hata hivyo, lebo ni madai ya mtengenezaji, na madai huthibitishwa na maabara iliyo huru. Walimu wa kemia na baiolojia hawana budi kuileta lebo darasani, ili wanafunzi wazoee kuuliza kila tarakimu ilipatikanaje. Nchi yenye raia wanaouliza hivyo haitakuwa rahisi kulaghaiwa, iwe kwa chakula cha mbwa au kwa maziwa ya watoto.